Mtoto kazaliwa hospitali, kachanjwa kliniki, ila kwenye daftari la serikali hayupo: kwa nini cheti kisitolewe hapo hapo wodini?

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam,

Najua mada ya cheti cha kuzaliwa haina mvuto, hakuna mtu anaamka asubuhi anakiwaza. Kinakumbukwa mtoto akifika umri wa kuandikishwa shule, au kijana kamaliza form six anaomba mkopo wa chuo anaambiwa cheti kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili) kwanza, hapo sasa ukoo mzima unapekua masanduku kutafuta kadi ya kliniki ya miaka ishirini iliyopita. Ila leo sitaki tuwaongelee hao wakubwa, nataka tumuongelee mtoto aliyezaliwa jana usiku.

Huyo wa jana usiku serikali imeshamuona kwa macho. Mkunga ni mwajiriwa wa serikali, kamzalisha mama, kampima mtoto uzito, kaandika jinsia, saa na tarehe kwenye kitabu cha MTUHA (madaftari ya kumbukumbu ya vituo vya afya), kampa BCG ya kifua kikuu na matone ya polio, kamfungulia kadi. Yaani karibu kila kitu kinachotakiwa kwenye cheti kimeshaandikwa kwa kalamu ya serikali kabla mama hajafunga mizigo yake. Halafu anaambiwa haya mama nenda nyumbani, cheti utakifuata wilayani. Hivi hapo mantiki iko wapi?

Takwimu kidogo halafu naziacha. Ripoti ya UNICEF ya mwishoni mwa 2024 ilisema duniani kuna watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka mitano ambao hawajasajiliwa, na zaidi ya nusu yao, kama milioni 90, wako Afrika kusini mwa Sahara. Kanda yetu kwa ujumla imesajili 51% tu. Na hiyo 51% inaficha mambo, maana kusini kabisa mwa bara wako 88%, magharibi 63%, halafu mashariki na kati wote 41%. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni umaskini wa Afrika, hapa hapa Afrika kuna wanaoweza na kuna wasioweza.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 63 kwa kila 100 wamejifungulia kwenye kituo cha afya, ila watoto waliosajiliwa walikuwa 26 kwa 100, na wenye cheti chenyewe mkononi wachache zaidi ya hao. Uganda 2016 waliojifungulia kituoni 73%, waliosajiliwa 32%. Ethiopia mwaka huo huo 26% kwa 3%, ingawa Ethiopia tusiwaonee sana maana usajili wao wa kitaifa ulianza rasmi Agosti 2016, utafiti ulishapita. Ukiziangalia hizo namba unaona kabisa tatizo sio mama kujifungulia porini. Mama amekuja, amekaa kitandani kwenye jengo la serikali, na serikali imemuacha aondoke.

Kwa nini? Kwa sababu mfumo wa zamani una hatua mbili. Ya kwanza hospitali inatoa tangazo la kizazi, kile kikaratasi kinachosema mtoto fulani kazaliwa hapa. Ya pili mzazi achukue kikaratasi akipeleke ofisi ya msajili wa wilaya ndo asajiliwe na apewe cheti. Hatua ya kwanza anafanya mtumishi, ya pili kaachiwa mzazi peke yake, na hapo katikati ndo watoto wanapotelea. Nauli ya kwenda wilayani, siku nzima ya kuacha shamba au genge, ada ya cheti, ukifika mhusika yuko semina. Ndani ya siku 90 sheria inataka uwe umesajili, zikipita unaingia kwenye usajili wa kuchelewa na mlolongo wake, ukifikisha miaka kumi ndo balaa kabisa vielelezo vinadaiwa mpaka vya ubatizo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na ana watoto wengine wawili nyumbani unategemea ataenda lini?

Tanzania ilijaribu kuiua hii hatua ya pili na mi naona ni moja ya mambo ya maana yaliyofanyika kimya kimya. Majaribio yalianza Temeke 2012, 2013 yakaenda Mbeya kwa mpango kamili, baadae Mwanza, Iringa, Njombe, Geita, Shinyanga, Lindi, Mtwara na mikoa mingine. Walichofanya ni kumpa mamlaka ya kusajili muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto pamoja na mtendaji wa kata, watoto wa chini ya miaka mitano, bure. Mama anakaa kwenye kiti, muuguzi anajaza fomu, anaandika cheti kwa mkono, anampa pale pale, halafu taarifa zile zile anazituma kwa simu ya mkononi zinaingia kwenye kanzidata ya RITA. Hatua moja, ofisi moja, mtu mmoja.

Watu wengi wakisikia "kuboresha usajili kupitia huduma za afya" wanafikiri ni kuweka bango ukutani au kumwambia muuguzi ahamasishe akina mama. Kuhamasisha sio tatizo, akina mama wanajua. Swali ni nani ana mamlaka ya kuandika cheti. Kama muuguzi anaishia kutoa taarifa tu na sahihi ya mwisho iko kilomita sitini, hata ukimpa kompyuta mpakato ya dhahabu bado mzazi atalazimika kusafiri.

Na wale wanaojifungulia nyumbani wasisahaulike, hao nao kliniki wanakuja. Chanjo za wiki 6, 10 na 14, surua miezi 9 na miezi 18, hapo katikati kuna kupima uzito kila mwezi. Hakuna ofisi nyingine ya serikali inayomuona mtoto mara nyingi hivyo ndani ya miaka miwili ya kwanza. Akikosa wodini unamnasa kwenye mizani.

Nataka kusikia wenzangu mlioko kwenye sekta na mlioko nchi nyingine kwenu ikoje. Nawasilisha.

#2 Mpita Njia

Mkuu umeandika sana ila ukweli ni kwamba sisi waafrika hatupendi makaratasi, mtu ana watoto saba hana hata cheti kimoja na wala hana habari. Hata ukimpelekea nyumbani kitaliwa na panya.

#3 Mkunga wa Zamu

Huyo hapo juu naomba asituharibie uzi. Huyo huyo mzazi unayesema hapendi makaratasi kadi ya kliniki anaifunga kwenye mfuko wa nailoni mara tatu na kuiweka chini ya godoro, kwa sababu anajua bila kadi hapati huduma. Watu wanatunza karatasi inayowasaidia.

Sasa kwa mleta uzi. Mimi niko wodi ya wazazi miaka mingi, sitasema wapi. Umeongea vizuri ila umeongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa zamu ya usiku. Ngoja nikupe picha. Usiku tuko wawili, wakati mwingine mmoja na mhudumu. Kuna mama anasukuma, kuna mwingine damu haikati, kuna mtoto amechelewa kulia. Nikimaliza hapo nina patografu (chati ya kufuatilia uchungu) ya kujaza, kitabu cha 12 cha MTUHA (kile cha wanaojifungua), kadi ya mama, kadi ya mtoto, kitabu cha dawa, na asubuhi ripoti. Jina la mama yule yule naliandika sehemu nyingi mpaka mkono unauma. Halafu unaniletea kitabu kingine cha vyeti ambacho nikikosea herufi moja cheti kimeharibika na kila cheti kina namba, nitaulizwa kiko wapi.

Nakwambia ukweli, kituoni kwetu mwanzoni tulifanya kwa moyo kwa sababu tulifundishwa vizuri na tulifuatiliwa. Baadae waliofundishwa wakahamishwa, waliokuja hawakufundishwa, vitabu vikaisha ukiulizia unaambiwa vinakuja, simu ya kutumia taarifa ikaharibika chaji. Mama anakuja anauliza cheti tunamwambia rudi wiki ijayo. Ukishamwambia mama "rudi wiki ijayo" mara mbili, umerudisha ile ile hatua ya pili unayoilalamikia, tofauti ni kwamba sasa imehamia kwangu na matusi nakula mimi.

Na kingine, majina. Mleta uzi unasema cheti wodini. Mtoto wa saa sita hana jina! Kuna familia jina linasubiri babu, kuna wanaosubiri siku ya saba wafanye akika, kuna wanaosubiri baba arudi safari. Mama anaogopa kuandikisha jina halafu aende nyumbani akute ukweni wamepanga lingine. Wengi ninaowaona wanaondoka bila cheti sababu ni hiyo, sio nauli.

#4 Mleta uzi

Mkunga wa Zamu asante, hivi ndo nilitaka.

Kwenye jina nakubaliana na wewe kabisa, na ndo maana napenda mpango ushike sehemu mbili sio moja. Wodini msajili yule mwenye jina tayari, asiye na jina muachie mpaka chanjo ya wiki 6, hapo hata babu mwenye maringo atakuwa ameshaamua. Sheria yenyewe inatoa siku 90, wiki 6 ni siku 42, na wiki 14 ni siku 98. Maana yake ukimkosa wiki 6 una nafasi ya wiki 10 ambayo ni siku 70, bado uko ndani. Kalenda ya chanjo na kalenda ya usajili zinaingiliana vizuri kabisa utadhani zilipangwa na mtu mmoja, shida ni kwamba wizara mbili hazikai meza moja.

Kuhusu kazi kuwa nyingi, hapo sina ubishi. Ila swali langu, kwa nini uandike jina la mama mara sita? Kama kitabu cha 12, kadi na fomu ya usajili vingekuwa vinachota sehemu moja, kazi ingepungua badala ya kuongezeka. Usajili umebandikwa juu ya kazi za muuguzi wakati ulitakiwa uingizwe ndani yake, ndo maana unaonekana mzigo. Na pia sio lazima awe mkunga, vituo vyenye uzazi mwingi viwekewe karani wa usajili, Afrika Kusini wana ofisi za Mambo ya Ndani ndani ya hospitali nyingi, mzazi anasajili kabla hajatoka getini na sheria yao inataka iwe ndani ya siku 30. Ila hiyo ni kwa hospitali kubwa, zahanati yenye watumishi watatu huwezi kuiwekea karani.

#5 Mtu wa Kaunti

Habari zenu ndugu zangu, mimi niko Kenya. Mleta uzi umetupita kidogo, nilikuwa nangoja utaje namba zetu. Utafiti wetu wa 2014 waliojifungua hospitali walikuwa 61% lakini watoto waliosajiliwa 67%. Yaani sisi tulikuwa tumesajili wengi kuliko waliozaliwa hospitalini! Sababu ni naibu wa chifu. Kwetu mtoto akizaliwa hospitali anaandikwa na hospitali, akizaliwa nyumbani anaandikwa na naibu wa chifu wa kata ndogo, yeye ni ajenti wa usajili kisheria na anajua kila boma liko wapi. Halafu baadaye wakaleta mpango wa kliniki, yule wa nyumbani akija kuchanjwa anaulizwa umeandikisha? Kama bado anaunganishwa na huyo naibu.

Kwa hivyo mimi naona msitupe utawala wa mtaa mkaweka kila kitu kwa nesi. Ingawa lazima niseme shida yetu iko pale pale kwenye hatua ya pili. Kuandikwa tumeandikwa, mama anatoka na kile kikaratasi cha notifikesheni, lakini cheti chenyewe watu wanatafuta wakati shule imedai. Nilishuhudia hiyo vurugu wakati wa kuingiza wanafunzi kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, ofisi za usajili zilikuwa na foleni utadhani ni siku ya kura. Kwa hivyo mtu ukimwona kwenye takwimu kasajiliwa usidhani ana cheti.

#6 Hesabu Kwanza

Mnasahau Rwanda. Wale tangu Agosti 2020 mtoto anasajiliwa kituo cha afya kabla mama hajaruhusiwa, walibadilisha sheria mwaka huo huo ili mtumishi wa kituo awe msajili kamili, na taarifa inaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa vitambulisho. Lakini nimeona mahali watu wanaandika kwamba Rwanda ilitoka 56% ya 2014-15 ikafika 86% kwa sababu ya usajili hospitalini. Hapana. Ile 86% ni ya utafiti wa 2019-20, na wakusanya takwimu walimaliza kazi Julai 2020, mwezi mmoja kabla ya hospitali kuanza. Kupanda kote kule kulifanywa na ofisi za sekta (kule ni ngazi ya utawala chini ya wilaya), serikali za mitaa zenyewe. Hospitali zimekuja kumalizia.

Kwa hiyo mleta uzi, hospitali haina uchawi. Rwanda ilifanikiwa kwanza kwa sababu ofisi iko karibu na inafanya kazi. Ukiwa na sekta inayofanya kazi utasajili, ukiwa na zahanati inayofanya kazi utasajili. Ukiwa huna vyote viwili hata ukiandika sheria kwa wino wa dhahabu hamna kitu.

#7 Mleta uzi

Hesabu Kwanza hiyo ni hoja nzito na ni kweli kwa tarehe hizo. Mi bado nabaki na msimamo kwa nchi zetu nyingine kwa sababu moja, Rwanda ni ndogo, sekta iko karibu na mtu. Chukua Tanzania msajili wa wilaya ni Katibu Tawala wa Wilaya, ofisi moja kwa wilaya nzima, kuna wilaya ukitoka kijiji cha mwisho unalala njiani. Zahanati ndo ofisi pekee ya serikali iliyo karibu, ukiacha ya mtendaji na shule. Ndo maana mpango wa RITA umeshika zote, zahanati na kata.

Na kwa Mtu wa Kaunti, sijasema tuwatupe watendaji. Nasema mwenye kalamu awe yule anayemuona mtoto.

#8 Baharia wa Ziwa

Mimi niko mkoa wa mpakani. Swali dogo tu, mkishampa kila muuguzi mamlaka ya kutoa cheti, nani anazuia jirani wa ng'ambo kuvuka na mtoto wake akapata cheti chetu? Huku tunaishi nao, tunaoana nao, lugha moja. Mwisho wa siku cheti kinakuwa uraia.

#9 Hesabu Kwanza

Cheti cha kuzaliwa sio cheti cha uraia mkuu, ni ushahidi kwamba mtu fulani kazaliwa mahali fulani tarehe fulani kwa mama fulani. Mtoto wa mgeni akizaliwa Kigoma kazaliwa Kigoma, huwezi kuandika kwamba hakuzaliwa. Uraia una sheria yake. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 kifungu cha 7 unasema mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na ule wa Afrika wa 1990 kifungu cha 6 vile vile, haukuchagua mtoto wa nani. Tena ukitaka kudhibiti udanganyifu ndo usajili siku ile ile, mkunga anajua aliyezaa ni nani. Udanganyifu unafanyika kwa cheti cha mtu wa miaka thelathini anayeleta mashahidi wawili kwamba alizaliwa chini ya mwembe.

#10 Baharia wa Ziwa

Hapo kwenye mwembe nimekuelewa 😂. Ila nadhani bado wanatakiwa waandike uraia wa wazazi vizuri kwenye fomu, sio kubahatisha.

#11 Mama Pacha

Naomba kuuliza jamani na wengine mtusaidie. Mimi nilipojifungua niliulizwa jina la baba. Baba yake alishaingia mitini nikiwa na mimba ya miezi mitano. Nikamwambia muuguzi sina, akaniangalia vile, nikaona aibu nikasema cheti nitakuja kuchukua siku nyingine. Mpaka leo. Hivi mtoto anaweza kupata cheti bila jina la baba?

#12 Mkunga wa Zamu

Dada pole, na huyo mwenzetu alikosea kukuangalia hivyo. Mtoto anasajiliwa kwa mama, jina la baba sio sharti la kumpa mtoto cheti. Nenda na kadi ya mtoto na tangazo la kizazi kama unalo, na kitambulisho chako. Kama ni pacha kila mmoja anasajiliwa kivyake na hakikisha saa ya kuzaliwa ya kila mmoja imeandikwa. Usisubiri, wakifikisha miaka mitano unaondoka kwenye mpango wa bure wa kliniki.

Na wauguzi wenzangu mnaosoma, swali la baba muulizeni mama akiwa peke yake, sio mbele ya benchi zima la kliniki. Mtu mzima hawezi kusema mambo yake mbele ya watu thelathini.

#13 Mtu wa Kaunti

Hapo kwa jina la baba kwetu lilikuwa jambo la mahakama. Sheria yetu ya vizazi na vifo kifungu cha 12 ilikuwa inazuia jina la baba kuandikwa kama wazazi hawajaoana, mpaka waombe wote wawili pamoja au kuwe na ushahidi wa ndoa. Mahakama Kuu ikakifuta 2016, ikasema kinambagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa hivyo shida ni mbili tofauti, kuna mama anayelazimishwa kutaja baba na kuna mama aliyekuwa anakatazwa kumtaja. Zote zinamkuta kwa dirisha la nesi, na nesi hajafundishwa sheria.

#14 Mleta uzi

Na hili ndo linalonifanya niseme mafunzo ya siku mbili hotelini hayatoshi. Muuguzi akishapewa mamlaka ya msajili anakuwa anagusa sheria ya familia, urithi, uraia, majina. Anatakiwa awe na mtu wa kumpigia simu akikwama. Sio kupewa fulana na kofia.

#15 Jicho la Tatu

Nimesoma wote mnaongea kana kwamba sekta ya afya itasimama siku zote. Ngoja niwakumbushe Liberia. Kule usajili wa vizazi uko chini ya wizara ya afya yenyewe, sio kuazima wauguzi kama huku. Walianza chini kabisa, 2007 watoto waliosajiliwa walikuwa 4% tu, wakasambaza huduma ikafika 25% mwaka 2013, na mwaka huo walisajili watoto 79,000. Ikaja Ebola. 2014 wakashuka mpaka 48,000. 2015 kuanzia Januari mpaka Mei walisajiliwa 700. Mia saba, nchi nzima, miezi mitano. Vituo vilifungwa au vilielemewa, akina mama wakaogopa kwenda hospitali, na usajili ukafa nao.

Ukiweka mayai yote kwenye kapu la zahanati siku zahanati ikigoma, ikipata mlipuko, ikikosa watumishi, hakuna mtoto anayeandikwa. Mnaosema watendaji wa kata wabaki nawaunga mkono kwa sababu hiyo tu.

#16 Mleta uzi

Mkuu huu mfano wa Liberia nilikuwa nauweka akiba, umenitangulia. Ila usome mpaka mwisho, baada ya Ebola walifanya kampeni ya kuwafuata watoto waliokosa chanjo na kuwasajili hapo hapo kwa pamoja, na utafiti wao wa 2019-20 ulikuta 66% wamesajiliwa. Yaani walirudi kwa njia ile ile ya afya. Mtoto aliyekosa chanjo na aliyekosa usajili mara nyingi ni yule yule mmoja, ukimpata kwa hili umempata kwa lile.

Ila fundisho la njia mbadala nalichukua.

#17 Bajeti Halisi

Wote mmekwepa kitu kimoja, hela. Hiyo miradi mnayoisifia ya Tanzania ilianza na fedha za UNICEF, serikali ya Kanada na mtandao wa simu. Ya Uganda ya mfumo wa simu ya 2011 nayo ilikuwa UNICEF na kampuni ya simu ya huko. Mfadhili akiwepo kuna vitabu, kuna usimamizi, kuna posho. Akiondoka ndo hadithi ya Mkunga wa Zamu, chaji imeharibika. Vitabu vya vyeti na bando la kutuma taarifa viingie kwenye bajeti ya halmashauri kama inavyonunuliwa glavu, basi. Haivumiliki chanjo iwe na friji na msimamizi na ripoti ya kila mwezi, halafu cheti kitegemee mradi. Na ada zilizofutwa zilikuwa zinawaingizia wasajili mapato, usipowafidia watakuwekea ngumu chini kwa chini, watakwambia cheti cha kuandikwa kwa mkono hakitambuliki njoo ubadilishe. Hilo mmeshalisikia nyie wenyewe.

#18 Mkunga wa Zamu

Hilo la cheti cha mkono akina mama wanaturudia nalo kweli. Kaambiwa shuleni kwamba sio halali. Ni halali, kina namba na muhuri. Walimu wakuu nao waelimishwe.

Halafu kuna kundi moja hamjaligusa kabisa na mimi linaniuma kuliko yote. Mtoto anayezaliwa hai akafariki siku ya pili. Kwenye kitabu changu yupo, uzito upo, saa ipo. Hasajiliwi kuzaliwa kwa sababu mama ataenda kufuata cheti cha nini, na hasajiliwi kifo kwa sababu kwenye daftari hakuwahi kuzaliwa. Anazikwa, imeisha. Kisheria alitakiwa asajiliwe vyote viwili. Huyu kampeni ya chanjo haitampata, wiki 6 haifiki. Ni wodini tu au asionekane kamwe.

#19 Hesabu Kwanza

Na ndo wanaharibu hesabu zote. Tunakadiria vifo vya watoto wachanga kwa kuwauliza akina mama kwenye tafiti kila baada ya miaka kadhaa, wakati wangeandikwa ingekuwa kuhesabu tu. Wilaya ingejua mwezi huu wamepotea wangapi na kituo gani.

#20 Mleta uzi

Mkunga hapa umenipa jibu la swali ambalo nilikuwa najibu nusu. Nilisema asiye na jina asubiri wiki 6. Basi iwe hivi, tukio la kuzaliwa lisajiliwe wodini siku ile ile hata kama nafasi ya jina iko wazi, namba ya usajili itoke, jina lije kuongezwa kliniki na cheti kitolewe siku hiyo. Sheria nyingi za huku zilizorithiwa kutoka kwa Muingereza zinaruhusu kusajili kwanza na jina kuongezwa baadae, sio kitu kipya. Mtoto akifariki kabla ya jina, namba yake ipo na kifo kinasajiliwa juu ya namba ile ile.

#21 Mkunga wa Zamu

Hiyo naiweza, mradi namba itoke kwenye kitabu kile kile cha 12 nisiandike tena upya. Safu moja tu iongezwe pembeni ya uzito.

#22 Mama Pacha

Nimeenda leo kliniki. Fomu wamejaza ya kwanza, ya pili wamesema kitabu kimebaki vyeti vichache wanasubiri vingine. Nimewaambia sitoki bila vyote viwili, wakanipa.